Namba Anazopewa Mgeni

Alhamisi, saa tisa na nusu alasiri.

Severini alifunga mlango wa nyuma wa karakana, akasukuma friji bovu kwa goti mpaka likauziba. Chumba kilinuka gesi na kutu. Juu ya meza, katikati ya kompresa mbili zilizopasuliwa, alitandaza ramani aliyoichora mwenyewe kwa kalamu ya bluu.

"Kesho," alisema. "Ijumaa. Sala ndiyo saa yetu."

Walikuwa wanne. Severini mwenyewe, fundi viyoyozi, mtu wa Masasi, miaka arobaini na ushei. Kilwa Masoko nzima ilimjua kwa kazi nzuri na maneno machache. Polisi wa Mtwara walimjua kwa mengine. Jafari, dereva wa Noah, mzaliwa wa Kivinje, mdomo haukauki. Imani, aliyesomea kompyuta Dar es Salaam, akafukuzwa kazi, akarudi kwao Lindi na begi moja. Na Mboni.

Mboni wa ndoo na dekio. Darasa la saba, miaka ishirini na tatu, msafishaji wa ukumbi wa mashine kwenye kituo cha kumbukumbu. Hakuwa na shahada wala bastola. Lakini bila yeye hakuna ambaye angeingia.

"Rudia," Severini alimwambia. "Nani anabaki?"

"Saa sita na nusu kaka Rashidi anatia udhu. Ikifika saa sita na dakika arobaini ametoka. Msikiti uko ng'ambo ya barabara tu. Anarudi saa saba na robo, imamu akirefusha ni saa saba na ishirini." Mboni alizungumza taratibu, kama anayesoma. "Sheria inasema ukumbi usiachwe bila mtu. Kwa hiyo ananiacha mimi."

"Wewe ndiye mtu," Jafari alicheka.

"Mimi ndiye mtu."

"Getini?"

"Mzee Francis. Yeye ni Mkristo, haendi popote. Anaandika majina. Wewe anakujua, kaka Severini, umeshatengeneza viyoyozi vyote vile."

"Neno la siri?"

"Ninalo."

Hakueleza alivyolipata. Miaka miwili Rashidi alikuwa anachapa kwa vidole viwili, na miaka miwili Mboni alikuwa anafuta kioo cha dirisha lililo nyuma ya kiti chake. Haraka hakuwa nayo. Herufi moja leo, nyingine wiki ijayo.

Severini alimgeukia Imani. "Waeleze hawa. Kwa Kiswahili."

Imani alisogeza kompresa moja pembeni. "Ile mashine mmeiona? Kabati kubwa jeusi. Ni kompyuta moja, lakini ndani yake zinaishi kompyuta nyingi za kufikirika. Kila moja inajiona iko peke yake duniani. Inajiona ina diski zake, nyaya zake, kadi zake. Kumbe hakuna. Ile kubwa ndiyo inayozigawia. Kubwa tunaiita mwenyeji. Zile za ndani ni wageni. Sisi tutaingia kwenye mgeni mmoja, anaendeshwa na Linux."

"Hayo majini, dada," Jafari alisema. "Mimi nyumba yenye majini sikai."

"Wewe utakaa kwenye gari. Sasa sikilizeni. Mgeni akitazama diski zake, anaona namba alizopewa na mwenyeji. Huko nje, kwenye chuma chenyewe, namba inaweza kuwa nyingine kabisa. Kwa hiyo kabla sijafuta chochote ni lazima nimuulize mwenyeji: hii yangu, kwako ni ipi? Kuna amri ya kuuliza. Sekunde moja."

"Na ukiuliza?" Severini alisema.

"Swali linaandikwa. Wa makao makuu Dar wanaliona hapohapo."

"Basi huulizi."

"Kaka, bila kuuliza ni sawa na kwenda gizani."

"Mboni," Severini alisema. "Karatasi."

Mboni alifungua upindo wa khanga, akatoa karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nne. Ndani ya mlango wa kabati la diski pale ukumbini pamebandikwa orodha. Alikuwa anafuta vumbi pale kila siku, na kila siku aliondoka na mstari mmoja kichwani. Mwandiko wake ulikuwa wa shule ya msingi, wa duara, umenyooka.

0200, mfumo. 0201, picha za utafiti wa bahari. 0202, vyeti vya mashamba, Likawage.

"Na mtu wa tajiri anayetulipa, aliyewahi kufanya kazi mle ndani, ameniambia kitu kilekile," Severini alisema. "Ukiwa ndani ya huyo mgeni, mzigo tunaofuta ni 0201. Haya. Nje 0201, ndani 0201. Unataka nini tena?"

Imani aliitazama karatasi kwa muda. Ilikuwa safi mno. "Zimefanana," alikubali.

"Tajiri anataka picha zake za bahari zipotee, washindani wasizipate. Hakuna anayeumia. Nakala ya akiba kwenye mkanda haipo, mashine ya mikanda iko Dar inatengenezwa tangu mwezi wa nane. Dakika thelathini, tumesepa."

"Na cheti cha mama?" Mboni aliuliza.

Hilo tu ndilo lililomkalisha pale. Mama yake, Bi Hafsa, alikuwa na ekari saba za korosho Likawage. Mume wake alizikwa kwenye shamba hilo, na mtoto wake wa kwanza. Walipoambiwa wapeleke vyeti vyao vikaingizwe kwenye mashine, kijiji kizima kilipeleka. Karatasi zenyewe zikabaki kwenye masanduku, na mafuriko yakayabeba masanduku. Sasa ametokea bwana mmoja na karatasi yake, anasema upande wote ule ni wa kwake. Baraza la ardhi linakaa Jumatatu. Kituoni Mboni ameomba nakala mara nne. Mara nne ameambiwa subiri.

"Imani atakiprinti," Severini alisema. "Kwanza kazi, halafu cheti. Nimekuahidi au sijakuahidi?"

"Umeniahidi."

"Basi."

Ijumaa, saa sita na dakika thelathini na nane.

Rashidi alitoka msalani mikono imekunjwa, maji yanadondoka ndevuni. Alivaa kanzu juu ya suruali ya kazi, akatafuta kofia, akaikuta juu ya kibodi.

"Mboni, mdogo wangu, nakuachia nyumba."

"Haya kaka. Utuombee."

"Nikuombee nini leo?"

Mboni alikuwa ameinamia dekio. Hakuinua uso. "Shamba la mama."

"Inshallah litapatikana. Jumatatu mapema nitaipigia Dar mwenyewe, niwasumbue mpaka watoe ile nakala."

Alitoka. Viatu vyake vilisikika kwenye korido, halafu havikusikika. Mboni alisimama na dekio lake. Kwa nini hakusema hivyo wiki iliyopita? Alilikamua dekio mpaka vidole vikauma.

Saa sita na dakika arobaini na nne.

"Fundi, leo na binti?" Mzee Francis aliuliza getini.

"Mwanafunzi wangu."

"Siku hizi viyoyozi wanafundishwa hata wanawake?"

"Wakivishika wao vinapoa zaidi, mzee."

Francis alicheka, akaandika jina la fundi, na jina la uongo alilotajiwa la mwanafunzi. Ng'ambo ya barabara, nyuma ya ukuta wa msikiti, Noah ya kijivu ilikuwa imeegeshwa mdomo ukitazama barabara ya Nangurukuru. Jafari alikuwa ndani, kioo kimeshuka, anasikiliza khutba kwenye kipaza sauti.

Saa sita na dakika arobaini na saba.

Ukumbi ulikuwa na baridi na mvumo. Feni mia kwa pamoja, sauti isiyokatika. Imani alitetemeka, akakaa kwenye kiti cha Rashidi. Mboni alimtajia neno la siri herufi kwa herufi. Imani akachapa.

"Nimeingia."

Severini alisimama nyuma yake, begi la vifaa begani. Imani aliamuru mgeni aorodheshe alivyonavyo. Mistari ikashuka kwenye skrini. Diski tatu.

"0200. 0201. 0202," alisoma. "Kama karatasi."

Vidole vilisita.

"Niulize, kaka. Sekunde moja."

"Sekunde moja na Dar wanatuona. Futa."

Imani aligeuka akamtazama Mboni. "Una uhakika na karatasi yako?"

"Nina uhakika. Niliinakili mara mbili."

Saa sita na dakika hamsini. Imani alibonyeza.

Mstari mwembamba ulianza kujaa upande wa kushoto wa skrini, taratibu, kama maji yanayopanda kwenye kitambaa. Mboni aliutazama bila kuelewa. Alidhani ni bahari inayofutika.

"Sasa cheti," alisema.

"Sasa cheti," Imani alisema, na kwa mara ya kwanza siku ile alitabasamu. Alifungua dirisha la pili kwenye skrini. Aliingia 0202. Akatafuta jina la Hafsa.

Saa sita na dakika hamsini na saba.

Kilichotokea kwenye skrini hakikuwa cheti. Ilikuwa picha ya kijivu, imejaa mikunjo. Imani akafungua nyingine. Mikunjo. Nyingine. Sakafu ya bahari, na vipimo vya kina pembeni.

Alichapa mstari mmoja mfupi. Jibu likaja, nalo mstari mmoja.

Vidole vyake vikasimama.

Mboni alikuwa amesoma vidole vya watu kwenye kibodi ile kwa miaka miwili. Alijua vinavyotafuta na vinavyokosea. Hivi havikuwa vinatafuta. Vilikuwa vimekufa juu ya vitufe.

Severini naye aliona. Alisogea hatua moja, akaweka mkono begani kwa Imani. Aliuweka polepole, kama mtu anayeweka mzigo.

"Umechoka, mwanafunzi?"

"Hapana."

"Basi tulia. Tunasubiri ijae tu."

Mboni alitazama saa ya ukutani. Halafu akamtazama Imani. "Dada, kimepatikana?"

"Bado natafuta."

Hakuwa anatafuta. Mkono wa Severini ulikuwa palepale. Mstari ulikuwa unajaa. Mboni alichukua kitambaa chake, akafuta meza iliyokwisha kufutwa. Akasubiri. Kusubiri ndiyo kazi aliyoiweza kuliko zote, na siku ile aliifanya vizuri. Saa sita na dakika hamsini na nane. Na tisa. Saa saba kamili. Mshale wa sekunde ukazunguka tena mzunguko mzima.

Saa saba na dakika moja.

Simu ya Severini ilitetemeka. Ndani ya ukumbi mtandao ulikuwa dhaifu. Aliuondoa mkono, akaenda mpaka mlangoni.

"Oya, khutba imeisha," sauti ya Jafari ilikwaruza. "Wamekimu. Mko wapi nyie?"

"Dakika tano."

"Tano za nini? Nasikia Al-Fatiha hapa, mwana!"

"Mboni," Imani alinong'ona. "Sogea. Tazama hapa. Nimemuuliza mwenyeji. Hii ninayoifuta, huku ndani inaitwa 0201. Kwake inaitwa 0202."

"Sijaelewa."

"Karatasi yako ni ya nje. Sisi tuko ndani. Mwenyeji amezipishanisha. Zile za bahari nimezikuta kwenye nyingine, nimeziona kwa macho." Alielekeza kidole kwenye mstari. "Kinachofutwa ni Likawage."

Mboni alisikia kila neno. Yalichelewa kufika.

"Simamisha."

Imani alipeleka mkono. Mkono wa Severini ukaudaka hewani, ukaubana kwenye meza. Hakupiga kelele. Simu ilikuwa bado imewaka kwenye kiganja chake kingine.

"Nani alikwambia uulize?"

"Ulijua," Mboni alimwambia. "Kaka Severini, ulijua."

"Nilijua."

"Huyo tajiri wa picha ndiye huyo bwana wa shamba."

"Ndiye huyo."

"Na karatasi yangu?"

"Karatasi yako ilikuwa ya kweli, Mboni. Ndiyo maana ilifaa." Alisema hivyo bila hasira, karibu kwa huruma. "Ningekwambia, ungefungua mlango?"

Mboni aliweka kitambaa chini.

Kwenye ukuta, kando ya mlango wa dharura, palikuwa na kitufe chekundu ndani ya kijumba cha plastiki. Siku yake ya kwanza kazini Rashidi alimwambia akifute kwa kitambaa kikavu na asiulize kinafanya nini. Baadaye aliuliza. Kinakata umeme wote, mashine na akiba yake, kwa mara moja. Alitembea kukiendea. Hakukimbia. Severini alielewa akiwa amebakiza hatua mbili, akamwachia Imani.

"Mboni! Usi..."

Saa saba na dakika mbili.

Mvumo ulikufa. Feni zilishuka sauti moja baada ya nyingine mpaka ukumbi ukanyamaza, na Mboni, ambaye hakuwahi kuusikia ukiwa kimya, alisikia pumzi zao watatu. Skrini ilikuwa nyeusi. Halafu king'ora kikaanza.

Severini alikuja na bisibisi. Ile ndefu, ya kufungulia mifuniko. Mboni alikuwa na ukuta mgongoni. Imani alimrukia kwa nyuma, akamshika ovaroli kwa mikono yote miwili. Severini aligeuka mara moja tu.

Ilikuwa mara moja. Chini ya ubavu. Imani aliachia ovaroli, akakaa sakafuni kama mtu aliyeambiwa karibu.

Severini aliitazama bisibisi. Akautazama mkono wake. Akakimbia.

Saa saba na dakika tano.

Jafari alikuwa amekisikia king'ora kabla ya wote. Alikaa nacho kwa pumzi tatu. Angeweza kuwasha gari. Angeweza kusubiri. Alifanya jambo la tatu: alizima simu, akafunga milango ya Noah, akatia ufunguo mfukoni, akanawa haraka kwenye bomba la nje, akaingia msikitini. Rakaa ya pili ilikuwa bado imesimama. Akajipanga safu ya mwisho, bega kwa bega na watu waliokuwa na haki ya kuwa pale.

Severini alifika kwenye gari. Alivuta mlango. Akavuta tena. Akapiga kioo kwa kiwiko. Ndani hapakuwa na mtu. Salamu ya mwisho ilitolewa kulia, ikatolewa kushoto, na mamia ya watu wakaanza kumiminika barabarani kwa kanzu nyeupe, wakamkuta mtu mwenye ovaroli la damu anahangaika na mlango wa Noah.

Hakuna aliyehitaji kuambiwa. Polisi walipofika, walimkuta bado anapumua. Jafari alipita katikati ya umati kofia mkononi, hakutazama nyuma, na mpaka leo hajaonekana.

Saa saba na dakika nane.

Mboni alikuwa amevua khanga yake, ameikunja, anaibana ubavuni kwa Imani. Mlango wa dharura ulikuwa wazi. Nje kulikuwa na jua, na uchochoro wa kupita kwenda sokoni. Aliuona. Akaendelea kubana.

"Nenda," Imani alisema.

"Nyamaza, dada. Unatoka damu."

"Mboni. Niliona mapema."

"Najua."

"Vidole viwili tu, ingesimama. Nilimwogopa." Macho yake yalikuwa yameshikilia saa ya ukutani. "Nilisema nitasema sasa hivi. Nikasema sasa hivi. Mara inajaa."

"Umesema. Umeshasema."

"Mama yako..."

"Nyamaza, dada Imani. Naomba unyamaze."

Wa kwanza kuingia alikuwa Rashidi. Alisimama mlangoni na kanzu yake, akaona kiti chake, akaona damu, akaona kitufe kilichobonyezwa na msichana aliyemwachia nyumba. Akaja akapiga magoti upande wa pili, akaongeza mkono wake juu ya khanga.

Imani alifia njiani, kabla gari halijafika hospitali.

Jumanne, saa nne asubuhi.

Kituo cha polisi, chumba chenye meza moja. Mpelelezi alikuwa na faili. Rashidi alikaa kwenye benchi la ukutani, ameitwa kueleza mambo ya mashine. Alimweleza mpelelezi. Rashidi hakumtazama Mboni, aliyekaa mbele ya meza, hata mara moja.

"Mgeni alikuwa anafuta diski kuanzia mwanzo kwenda mwisho," alisema. "Vyeti vimepangwa kwa namba ya shamba. Mwendo wake umeandikwa kwenye mashine: mashamba ishirini kwa dakika. Alianza saa sita na dakika hamsini. Umeme ulikatwa saa saba na mbili. Likawage kuna mashamba mia sita na kumi."

"Kwa hiyo?"

"Mia mbili na arobaini ya mwanzo hayapo. Yaliyobaki yamesalimika."

"Shamba la mama yako namba ngapi?" mpelelezi alimuuliza Mboni.

"Mia moja tisini na nane."

Mpelelezi aliandika. Rashidi aliinamisha kichwa.

Mboni alirudishwa mahabusu. Alikaa ukutani. Hesabu alikuwa anaipenda shuleni, mwalimu alimwita ubaoni mara nyingi. Ishirini kwa dakika. Dakika kumi na mbili, mia mbili na arobaini. Sawa. Vidole vya Imani vilisimama saa sita na dakika hamsini na saba. Hizo ni dakika saba. Saba mara ishirini, mia moja na arobaini.

Mia moja na arobaini. Na la kwao ni mia moja tisini na nane.

Alirudia. Ikatoka vilevile. Akarudia tena usiku ule, na asubuhi, na haikubadilika.

Alhamisi, saa nane mchana.

Bi Hafsa alikuja na pikipiki kutoka Likawage hadi Nangurukuru, kisha Hiace. Vumbi lilikuwa limemkaa kwenye nyusi. Askari alimpa dakika kumi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba." Alikaa kwenye benchi, mikono mapajani. Alimtazama mwanawe kuanzia miguuni kwenda juu, kama anayehakikisha vyote vipo. "Unakula?"

"Nakula."

"Wameniambia kulikuwa na kitufe."

"Ndiyo, mama."

"Na wewe ndiye uliyebonyeza."

"Ndiyo."

"Wa upande wa mtoni mashamba yao yapo. Wameyaona. Mama Adija kaniletea unga, kaniambia nikupe salamu, nikushukuru." Alijikung'uta vumbi gotini. "Letu halipo."

"Halipo."

"Jumatatu nilisimama pale barazani. Nikaulizwa cheti. Nikasema kiko kwenye mashine, binti yangu anafanya kazi hukohuko. Yule bwana akatoa chake, kina mihuri. Nikawaambia mume wangu yumo mle ardhini, nendeni mkamuulize. Mwenyekiti akasema, bibi, kaa."

Nje askari walikuwa wanacheka jambo lao. Bi Hafsa aliinua ncha ya khanga, akajifuta nyusi, akaishusha.

"Ungebonyeza mapema kidogo, mwanangu."

Mboni alifungua mdomo. Lilikuwepo la kusema. Dakika tano zilikuwepo, na zilikuwa za mtu. Mtu huyo alizikwa Lindi siku ya Jumamosi, na kwao wameambiwa binti yao alikufa akimzuia jambazi. Ni kweli. Mama wa Imani naye amekaa mahali sasa hivi, mikono mapajani, amebakiwa na hilo tu.

"Nilichelewa, mama," alisema. "Ni mimi niliyechelewa."

Bi Hafsa alitikisa kichwa polepole, mara nyingi, mpaka askari alipogonga mlango. Alinyanyuka. Alimshika Mboni shavuni kwa kiganja kilichochanika kwa utomvu wa korosho, akakiacha pale.

"Haya," alisema. "Ngoja niwahi gari. Nikaokote zilizoanguka, kabla hawajaja kuweka mipaka."